Yai Lililoambiwa Lisubiri

Katika bahari ile ambayo nahodha wa kwanza wa kigeni aliiita Tulivu, kwa kuwa aliikuta siku imelala akadhani ndiyo tabia yake, palikuwa na kisiwa chembamba kama ukucha uliokatwa, kimejikunja kuzunguka wangwa mpana wa maji ya chumvi, upande mmoja mawimbi yakivunjika juu ya matumbawe na upande wa pili maji yametulia kama maziwa katika bakuli. Hakikuwa na mlima wala mto, na palipoinuka kuliko pote hapakufika hata kimo cha mnazi mchanga. Minazi, mikadi na mishelisheli ndiyo iliyoushika mchanga usichukuliwe na maji, na wenyeji wake walikuwa kasa.

Kasa hawa hawakuwa na ngome wala hazina, ila walikuwa na elimu ambayo sijasikia mfano wake kwingine. Walijua kwamba mawimbi makuu ya bahari ile ni 4, kila moja na kwao linakotoka, na kwamba wimbi likikutana na kisiwa hujipinda na kurudi, hata kasa aliyefumba macho usiku wa giza akajua kwa tumbo lake nchi kavu iko upande gani. Wazee waliwafunza vijana kwa vijiti vya mkuti vilivyofungwa pamoja, kijiti kilichopinda kikiwa wimbi na kombe la pwani likiwa kisiwa. Elimu yao ya pili ilikuwa ya mchanga. Usiku usio na mwezi mama hupanda ufukweni, hufukua shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga, hufukia, kisha hurudi majini bila kugeuka. Na siku zipatazo 60 mchanga huitunza amana ile pasi na mlinzi. Kasa hakuwa na mtu mwingine wa kumwamini duniani kuliko mchanga.

Wageni walianza kuja kwa ajili ya nazi. Walitangulia korongo wa nchi za baridi, wakapandisha bendera na kukausha mbata. Kisha korongo walipozama katika vita vya kwao huko mbali, mwewe wa Ufalme wa Macheo wakakikuta kisiwa hakina mlinzi, wakatua. Vita vile vilipokwisha, baraza la ndege wakubwa likaketi mbali sana na maji yale, likawaandikia mwewe hati kwamba wakilee kisiwa pamoja na wenyeji wake. Na kasa, aliyekuwa analelewa, hakuulizwa neno. Miaka ikapita, mwewe wakasahau maana ya kulea. Wakafyeka minazi, wakasaga matumbawe, wakatandaza barabara 2 nyeupe za kurukia, na kazi yenyewe wakaifanyisha kasa pamoja na kwale waliowaswaga kutoka rasi ya jirani zao.

Ng'ambo ya mashariki ya bahari alitawala Tai. Sitasema kwamba Tai ndiye aliyeanza, maana si kweli: mwewe walimjia alfajiri ya siku ya mapumziko wakamchomea vyombo vyake bandarini, na damu iliyomwagika asubuhi ile ilikuwa damu kweli. Tai akaapa. Akavuka bahari kisiwa kwa kisiwa, na kusini ya nchi ya kasa akatwaa kisiwa kimoja kwa saa 76 za kuchinjana, hata maji ya ufukweni yakabadilika rangi. Ilikuwa mwisho wa mwaka wa 29 tangu mwewe wakishike kisiwa cha ukucha. Mwaka wa 30 ulipoingia, zamu ikawa ya kasa.

Wakuu wa Tai wakashauriana. Makozi wao walipokuwa wakiruka juu sana, mayai yao ya moto yaliangukia maji au minazi, nao mwewe waliwaona mapema wakapanda kuwapokea. Basi ikaamriwa kwamba Kozi aruke chini, chini kabisa, tumbo likikaribia kulamba povu, ili mlinzi wa mwewe asimwone hata awe amekwisha kufika. Wakamfungia mdomoni mzinga ambao haujapata kuonekana mdomoni mwa ndege, mzito, wa kushindiliwa kwa mkono, awezao kuutema mara 4 tu kabla hajapita juu ya shabaha yake.

Likabaki tatizo la yai. Kozi mmoja kijana, aliyekuwa na tabia ya kuuliza, akaenda kwenye kiwanda cha Kigong'ota, mhunzi wa mfalme.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupima uzito?"

"Nimekuja kuuliza, fundi. Nikiliachia yai nikiwa kimo cha mnazi, litapasuka chini ya tumbo langu. Nani atarudi kukusimulia?"

Kigong'ota akaligeuza yai akamwonyesha kijungu kidogo kilichotiwa kitakoni mwake. "Nimeliambia lisubiri. Likigusa ardhi lisilie, lihesabu hadi 5 kwanza. Hapo wewe umekwisha kupita."

"Na likikosea kuhesabu?"

Mhunzi alinyamaza kitambo, akagonga gamba la chuma mara moja kwa mdomo wake akasikiliza linavyoitika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na makinda ya watu mikononi mwake na alitaka warudi hai kwa mama zao. "Likikosea, mwanangu," akasema, "litakosea ukiwa umekwenda."

Kozi akashukuru, akaenda zake. Nimeyatafakari maneno hayo miaka mingi, na kila nikiyarudia naona kwamba ndani yake mna vita vyote.

Wakaondoka 9 kabla ya mapambazuko, wakakata saa karibu 3 juu ya maji matupu, chini sana hata chumvi ikakauka kwenye mbawa zao kama unga. Kisiwa kisicho na mlima hakijitangazi. Kwanza ziliota ncha za minazi kutoka majini kama kope, kisha mstari wa povu, kisha kwa ghafla mchanga mweupe ukawa umejaa macho yote. Wakajipanga ubavu kwa ubavu. Kozi akatema mara ya kwanza, na mwili wake wote ukatetema ukasita hewani kana kwamba umegonga mlango. Akashindilia, akatema tena, harufu ya baruti ikamjaa kooni. Na mizinga ya mwewe, iliyokuwa mingi kuliko walivyoambiwa, ikaanza kumjibu. Wa kulia kwake akashika moto akaangukia wangwani. Wa kushoto akapinda polepole, kama aliyesahau kitu, akaingia baharini.

Kisha akaachia mayai yake. Yai lililoachiwa chini namna ile halianguki wima. Huruka ubavu, hugonga matumbawe na kudunda, huteleza kama kigae kile warushacho watoto juu ya maji, na hakuna aliyelitupa ajuaye litalala wapi. Lake la nne likadunda barabarani, likavuka mstari wa mikadi, likajichimbia ufukweni.

Na hapo ufukweni, chini ya mkadi uliovunjika, alikuwapo Bi Kasa. Alikuwa amechelewa kurudi majini, na kasa akiwa nchi kavu hutoka machozi mazito ya chumvi yasiyokauka upesi. Kozi alipita juu yake karibu hata akaona machozi yale, na Bi Kasa akaona misumari iliyounganisha bawa. Wakatazamana kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kule juu alikozoea, Kozi alikijua kisiwa kama alama ya chokaa kwenye ubao wa buluu. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba mna uso. Akahesabu hadi 5 kama alivyofunzwa, na nyuma yake nchi ikapasuka.

Waliorudi walikuwa 6. Kasuku, karani wa vita, akaketi na kitabu chake.

"Umeangusha mangapi?"

"Nimeangusha 4. Nimesikia 3."

Kasuku akaandika 4. Kozi akasimama pale akitazama kalamu, akarudia: "Karani, nimesikia 3." Kasuku akainua kichwa, akamtazama kwa huruma kama atazamwavyo mgonjwa wa homa, akamwonyesha ukurasa. Kulikuwa na safu ya mayai yaliyotoka ghalani na safu ya makozi waliorudi. Safu ya mayai yaliyonyamaza haikuwapo, na karani hana ruhusa ya kuchora safu.

Baada ya siku chache za namna ile, ndege wengi wakiwa wamebaki huko, wakuu wakaona kwamba gharama ya kuruka chini imezidi, wakaamuru makozi warudi juu, mahali ambapo hawaonani na mtu.

Sasa sikilizeni jambo lililonifanya niisimulie hekaya hii. Mwezi uliofuata majeshi ya Tai yakakipita kisiwa cha kasa kando, yakatwaa wangwa mkubwa ulio mbele yake, na vita vikasonga magharibi. Mwewe wa kisiwa cha ukucha hawakubaki na bawa hata moja la kurukia. Meli zao za chakula zikakoma. Wakawa wamefungiwa pale pamoja na wenzao wa visiwa 3 vingine, hawawezi kumdhuru mtu wala kuondoka. Ingetosha kuwaacha. Lakini amri ya kushambulia ilikuwa imetolewa, na amri ya kuacha haikutolewa. Kwa muda wa miezi 18 makozi waliendelea kuja. Wakuu walipoulizwa, mmoja alisema mwewe asiye na bawa huenda akaota jingine. Wa pili akasema makinda yaliyotoka shuleni yanahitaji mahali pa kujifunzia. Wa tatu, mtunza ghala, akasema mayai yamekwisha kuletwa na meli na hayawezi kurudishwa. Kila mmoja wao alikuwa na sababu, na zote zilikuwa na maana kule zilikosemewa. Kisiwa kilichokuwa cha adui kikawa ubao wa makinda kuandikia, na kila jioni Kasuku aliandika kwamba kisiwa kimeshambuliwa, na kila asubuhi kilikuwa palepale, na minazi michache zaidi imelala.

Mnazi ukilala, aliye chini yake hufa njaa. Mwewe wakala panya, kisha majani, kisha wakaanza kuuana kwa kuibiana chakula. Walifika pale kwa kiburi na ukatili, na sitawaosha. Hata hivyo mwewe kijana aliyekufa amekumbatia shina la boga alilokuwa akililinda lisiibwe alikuwa na mama katika Ufalme wa Macheo, na mama huyo hakuandikiwa siku wala sababu. Katika kila 3 waliokuwapo, ni mmoja tu aliyekuja kuondoka na roho yake.

Kasa nao walikuwa katikati, wanafyekewa na mwewe na kupasuliwa na kozi. Ndipo yakaanza kudondoka kutoka juu majani yaliyoandikwa kwa lugha yao, kwamba wakimbilie vyombo vya Tai vinavyosubiri nje ya miamba. Waliokamatwa na mwewe njiani waliuawa. Waliobaki, Bi Kasa aliwaongoza usiku usio na mwezi, hana taa wala nyota kwa mawingu, akaweka tumbo lake juu ya wimbi la mashariki akalisikiliza linavyojipinda, akasema, "Nifuateni, wanangu, msipige maji kwa nguvu." Wazee wakambeba mdogo aliyechoka. Kilichoshindikana kubebwa ni mayai. Yalibaki mchangani walipoyaweka.

Siku vita vilipokwisha, makozi walikunja mbawa wakaenda makwao. Walipokewa kwa ngoma, na walistahili, kwa maana walikuwa makinda waliotumwa. Mwewe waliosalia wakachukuliwa na meli, mifupa mitupu. Baraza jipya la ndege wakubwa likaketi, likaandika hati nyingine, kwamba Tai akilee kisiwa pamoja na wenyeji wake.

Kozi yule aliyekuwa na tabia ya kuuliza akazeeka kwenye mti mrefu wa nchi yake. Wajukuu walimzoea akiwa ameketi kimya, na wakidondosha kitu sakafuni, walimwona midomo yake ikihesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha alingoja kidogo zaidi, kama anayesikiliza mlango.

Bi Kasa alirudi usiku usio na mwezi. Ufuko haukuwa na mkadi wala mnazi, ila aliutambua kwa jinsi wimbi la kaskazini lilivyomsukuma begani. Akapanda, mzito, machozi yake yakimtoka kama desturi, akafika mahali pale mama yake alipotaga na mama wa mama yake, akageuza mgongo kwa bahari akaanza kufukua. Mchanga ulikuwa laini. Akafukua kiasi cha kiwiko, akafukua zaidi, kisha pezi lake la nyuma likagusa kitu.

Kilikuwa cha mviringo, baridi, laini kwa kutu iliyolika na chumvi. Akakipapasa upande mmoja, akakipapasa upande wa pili, polepole, kama mama anavyopapasa. Kikagonga kidogo kwenye ukucha wake. Akaganda pale, pezi limeinuka, akisikiliza.

Akalirudisha pezi lake taratibu, akafukia alichokifukua, punje kwa punje. Akajiburura kushuka kuelekea majini, hadi pale ambapo mchanga hubaki umelowa na maji ya bamvua huja kuchukua chochote kilichozikwa, akageuza tena mgongo wake kwa bahari, akaanza kufukua.