Punga Mkono Taa Iwake

Jumatatu
Edinburgh, Januari. Jua limechomoza saa tatu kasoro, likaghairi.

Sampuli sita za damu za wagonjwa wa maltipo sklerosisi, au MS kama tunavyoiita maabara, zilikuwa zifike saa nne asubuhi. Zimefika saa tisa. Dereva alizipeleka jengo la madaktari wa mifugo. Walizipokea, wakazisaini, kisha wakapiga simu kuuliza ni za ng'ombe wa nani.

Jumanne
Ukikaa bila kutikisika ofisini kwetu, taa huzimika. Kile kidude cha darini hudhani hakuna mtu.

Kazi yangu ni kutafuta swichi. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 47,000, ulipata alama 233 za vinasaba zinazohusiana na MS. Nyingi hazimo ndani ya sehemu za jeni zinazotengeneza protini. Zimetawanyika nje, kwenye nyika ambayo zamani tuliiona ya bure, na ambako huamuliwa jeni ipi iwake, katika seli ipi, kwa kiasi gani. Nilikuwa naandika aya hiyo taa zikazimika. Nikapunga mkono. Zikawaka.

Hadi saa moja usiku nimepunga mara kumi na nne. Mlinzi aliyekuwa akipita nje naye amenipungia.

Jumatano
Siku ya jaribio. Seli B za kinga 50,000, na kimeng'enya kinachokata DNA pale tu ilipofunguka. Palipofungwa hakipenyi, na ndivyo tunavyojua swichi zipi ziko tayari. Nyuzi 37, dakika 30. Dakika ya 28 mama amepiga kutoka Tanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dawa mmeshaipata?"

"Bado."

"Mwaka wa tano huu."

Nimemweleza upya: kinga ya mwili inaishambulia mayelini, ala inayofunika nyuzi za neva mfano wa plastiki ya waya wa umeme. Akasema fundi wa Chumbageni angeshabadilisha waya. Halafu akasema ni baridi hiyo, huku kwetu ugonjwa huo haupo. Nikamwambia upo, ila bila MRI ni vigumu kuujua, na sayansi haisemi baridi. Ni kweli, nikaendelea, kwamba ugonjwa huzidi kadiri unavyoiacha ikweta, na kwamba visiwa vya Orkney, kaskazini yetu hapa, vina kiwango cha juu mno duniani, na kwamba uhaba wa jua ni kimojawapo cha vitu vinavyoshukiwa.

"Ndicho nilichosema," akasema mama.

Dakika 51. Kimeng'enya kimekatakata hata palipofungwa. Kwenye daftari nimeandika: muda umezidi kidogo.

Alhamisi
Jeni MARCH1 husaidia kuondoa molekuli za kinga ziitwazo HLA-DR kwenye uso wa seli, kwa hiyo kwetu si jeni ya kupuuzwa. Programu ya majedwali imeisoma kuwa tarehe. Nimemwonyesha profesa safu ya kumi na mbili, ambako jeni yenye badiliko kubwa kuliko zote kwa wagonjwa wetu ni 1 Machi. Aliitazama kwa muda. Akauliza kama tumezingatia majira.

Jeni hiyo ilipewa jina jipya, MARCHF1, kwa sababu ya kero hiihii. Faili langu ni la 2016.

Ijumaa
Asubuhi kwa daktari. Vitamini D yangu iko chini sana. Akaniuliza, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgeni wa baridi, kama nimewahi kuisikia. Kwenye korido ya maabara yetu limebandikwa bango langu, lenye picha yangu, linaloeleza kwamba tangu 2009 watafiti wameonyesha jinsi vitamini D inavyogusa uwakaji wa HLA-DRB1*15:01, aina ya jeni inayoongoza kwa kuongeza hatari ya MS. Nimemjibu kwamba nimeisikia.

Mchana nimerudia jaribio la Jumatano. Safari hii sikutaka mzaha: simu nimeizima kabisa, nikaifungia kwenye droo, funguo nikampa mwenzangu anayewahi basi la saa tisa. Seli 50,000, nyuzi 37. Nikakaa kwenye kiti, nikatulia, nikisubiri kengele ya dakika 30.

Kengele iko kwenye simu. Nimelikumbuka hilo taa zilipozimika.