Mbuzi Wangu na Mzee wa Kichina

Garissa siku hizi hata kupotelewa kwa amani huwezi. Mbuzi wangu wa madoa alitoweka, na kabla sijauliza majirani, muuza chai wa mtaani alishanikalisha kwenye benchi lake. Huyu bwana aliwahi kufanya kibarua kwa Wachina waliojenga kituo cha sola cha megawati 50 nje ya mji, kile kilichofunguliwa Desemba 2019.

"Warya, tulia. Kulikuwa na mzee wa Kichina, farasi wake akapotea."

Naijua. Mtaa mzima unaijua. Farasi akarudi na farasi mwingine, bora kuliko yeye. Kijana wa mzee akampanda, akaanguka, akavunjika mguu. Vita vikaja, vijana wenzake wakachukuliwa, yeye akabaki nyumbani anachechemea. Kila likitokea jambo mzee anasema, nani ajuaye, huenda ni heri, huenda ni shari. Imo katika kitabu cha Huainanzi, kina zaidi ya miaka 2,100. Na kitabu sina ugomvi. Imamu wetu hutufundisha hilohilo kutoka Suratul Baqara, bila farasi na bila malipo. Muuza chai husimulia huku akimimina chai ambayo sijaagiza.

Tena sisi ndio wa kufundishwa? Mvua ilitukosa misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020, mifugo ikaisha, tukaomba hadi sauti zikakauka. Mwisho wa 2023 ikaja na kupitiliza. Mwanzo watu wazima walisimama barabarani wakicheka, wamelowa chapachapa. Baadaye mto Tana ukafurika, barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo, na nyanya tukawa tunaziuliza bei kwa heshima tu. Siku zile sikumsikia mtu akimtaja farasi. Hadithi hii humtoka vizuri yule ambaye zizi lake limejaa.

Jioni mbuzi akarudi, ubavuni mwake beberu mnene nisiyemjua. Furaha ikanipanda hadi kichwani. Muuza chai akapiga kofi: "Nilikwambia!"

Nyuma ya beberu akatokea mwenye shamba la kando ya mto, mkononi mche wa mpapai uliotafunwa hadi kwenye mizizi, anataka fidia. Nyuma yake, mwenye beberu.

Muuza chai akawakaribisha kwa bashasha. "Kaeni, wazee wangu. Kulikuwa na mzee wa Kichina..." Akamimina vikombe vinne, kimoja chake mwenyewe, akafungua daftari la madeni na kuviandika vyote kwenye ukurasa wangu.