Ngeli za Watu wa Data

Mwaka 1735 Carl Linnaeus aliipanga mimea kwa kuhesabu stameni za maua yake, na wasomi wa Ulaya wakaridhika. Waswahili hatujawahi kuhangaika na stameni. Tuna ngeli, nazo zinatosha kupanga kila kilichopo, kuanzia malaika hadi mchicha. Inashangaza basi kwamba hadi leo hakuna aliyezitumia kuainisha kundi linaloongezeka kwa kasi mijini: watu walioandaliwa, wanaoandaliwa, au wanaodai kuandaliwa kwa kazi za data.

Kwanza mbinu. Mwanafunzi yeyote wa sekondari anajua kuna njia mbili za kupanga nomino. Ya zamani hutazama kiambishi cha mwanzo. Ya sasa hutazama upatanisho wa kisarufi, yaani nomino inavyokubaliana na kitenzi. Njia ya kwanza humtupa kijana kapu moja na kijiko. Ya pili huona kwamba kijana amefika ilhali kijiko kimefika, ikamrudisha kijana kwa binadamu wenzake. Waajiri wetu bado wako kwenye njia ya kwanza. Husoma kilichotangulia jina, Mchambuzi, Mwanasayansi wa Data, Afisa Ufuatiliaji na Tathmini, kisha huajiri kiambishi. Sisi tumefuata ya pili: mtu anawekwa mbele ya jedwali lenye makosa, tunatazama anapatana nalo vipi. Sampuli ni ya washiriki wa mafunzo ambayo mwandishi naye alialikwa. Haiwakilishi taifa, inawakilisha ukumbi.

Ngeli ya KI-VI ndiyo iliyojaa zaidi: cheti, kitambulisho, kitini, kikao, kishikwambi. Wanaopatana nayo wana vyeti vya Excel, SPSS, Power BI na Python, kila kimoja cha wiki moja, na mwandishi amekutana na cheti cha Python kilichopatikana kwenye kompyuta ambayo Python haikuwahi kuwekwa. Wakikutana na jedwali, huuliza kwanza litafunguliwa kwa programu gani. Wakishajua, wanaona kazi imekwisha. Nambari ya simu inayoanza na 07 inaingia kwenye Excel, sifuri inadondoka, na mwenye cheti anaendelea kupaka safu rangi ya kijani.

Tusiidharau ngeli hii, kwa kuwa vifaa vina kazi yake. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, ikatupa watu 61,741,120, kisha vishikwambi vikagawiwa walimu. Kama ujuzi wa kuhoji jibu nao ulihama pamoja na kifaa, hilo ni swali la ngeli nyingine.

Ngeli ya KU ni ya vijana, na mwandishi anaihurumia. Ukimuuliza mwanangeli anafanya nini siku hizi, hujibu kwa kitenzi-jina: kujifunza, kutafuta, kujitolea, kusubiri. Tangazo la kazi ya kuanzia linataka uzoefu wa miaka 3, na uzoefu huo hautolewi popote ila kwenye kazi ya kuanzia. Basi anarudi kwenye masomo ya mtandaoni. Huko anakutana na data mbili ambazo karibu kila mwanafunzi wa fani hii duniani amepewa. Moja ni maua ya airisi 150 aliyoyachapisha Ronald Fisher mwaka 1936, mengine yakiwa yamechumwa Kanada. Ya pili ni orodha ya abiria wa Titanic. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Mbeya anaweza kukutabiria nani angezama Atlantiki mwaka 1912, lakini hajawahi kukaa na bei za mahindi za soko la Mwanjelwa, ambako gunia moja lina vipimo vingi kutegemea nani amelifunga na amelifumia kilemba cha urefu gani. Maua ya Fisher yamepimwa kwa sentimita na hayana lumbesa.

Ngeli ya U-U haina wingi na haihesabiki: ubunifu, uwazi, uthubutu. Ni ya wakuu. Wanataka maamuzi yote yatokane na data, na wameshaamua.

YA-YA nayo haina umoja. Humo mna mahudhurio, maakuli na malipo, na wanangeli wake ni waandaaji wa mafunzo. Wana haki ya kutajwa kwenye andiko la kisayansi kwa sababu ndio pekee ukumbini wenye takwimu safi: sahihi ya asubuhi, sahihi ya mchana, nauli kwa tiketi na posho kwa kiwango. Ukilinganisha ubora wa karatasi ile ya posho na ubora wa data iliyokuwa ikifundishwa, utatamani wabadilishane.

Tumebakiza PA-KU-MU, ngeli ya mahali, ambayo vitabu huiweka mwisho na mitihani huisahau. Walimu wa sarufi wanatofautisha: PA ni mahali mahususi, KU ni mahali pasipo dhahiri, MU ni ndani. Mwanangeli wa hapa akiona tarakimu haulizi imefunguliwa na programu gani. Anauliza iliandikwa wapi, ikapitia wapi, na ndani yake mna nini.

Mfano wa PA tuliupata siku ya pili ya mafunzo. Mwezeshaji aligawa jedwali lililonakiliwa kutoka rejista ya wodi ya wazazi, majina yakiwa yamefutwa. Safu ya saa ya kujifungua ilikuwa na 2, 20, 8, 14, tena 2. Kijana wa KI-VI aliichora grafu kabla wengine hawajaunganisha chaja. Mwinuko ulikuwa mkubwa kuanzia saa 1 hadi saa 12, kisha mteremko. Akatueleza kwamba watoto wa wilaya ile huzaliwa zaidi kati ya usiku wa manane na adhuhuri, na akapendekeza wakunga wapunguzwe zamu ya jioni. Nyuma kabisa alikaa mkunga wa zahanati, aliyekuja kwa sababu mganga mfawidhi alikuwa na udhuru.

“Mwanangu,” akasema, “hiyo mbili ni ya Kiswahili au ya Kizungu?”

“Imeandikwa mbili tu, mama.”

“Ndiyo nakuuliza.”

Akaeleza kwamba wengine huandika saa wanayoitamka, wengine ile ya kwenye simu, na kwamba kwenye rejista yenyewe asingepata shida, maana kila zamu ina mwandiko wake na anaujua. Aliyenakili jedwali alikuwa ameupoteza mwandiko. Grafu ile ilikuwa imechora lugha ya wauguzi, si saa za watoto.

Mfano wa KU unatoka mbali, ili tusidhani hili ni tatizo la zahanati. Mwishoni mwa Septemba 2020, Uingereza ilipoteza kwa muda visa 15,841 vya korona kwenye hesabu zake. Matokeo ya maabara yalikuwa yanapitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Mstari uliozidi uliachwa nje kimyakimya, na watu waliokaribiana na wagonjwa hao wakachelewa kuambiwa. Nchi ile haikupungukiwa wataalamu. Barabara ya data ndiyo ilikosa wa kuisindikiza hadi mwisho.

Na MU: chukua umri katika sensa. Karani anamuuliza bibi ana miaka mingapi. Bibi hajui, ila anakumbuka alikuwa ameolewa Azimio la Arusha lilipotangazwa. Wanakadiria, na makadirio hupenda kutua kwenye 70, 75, 80. Wanademografia wana kipimo cha jambo hilo, kielezo cha Whipple: 100 maana yake hakuna upendeleo, 500 maana yake kila umri unaishia na 0 au 5. Aliyewahi kuwa karani hahitaji kielezo ili ashtuke akiona wazee wote wa kijiji wana miaka sabini kamili.

Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichopo Dar es Salaam, kilianzishwa 1961, na vyuo vikuu vinaongeza kozi. Hatuna ugomvi navyo. Ugomvi wetu ni na mpangilio: anayejaza kitabu cha taarifa za afya cha MTUHA kwa mkono hupewa nusu saa ya kuonyeshwa pa kuandika, na anayepokea jumla zake kwenye mfumo wa kompyuta wa DHIS2 ngazi ya wilaya hupewa siku tano hotelini. Kosa hufanyika kwa wa kwanza, tiba hupelekwa kwa wa pili.

Kwenye fomu ya tathmini mwandishi alipendekeza mafunzo yajayo yafanyike zahanatini, rejista ikiwa mezani na mkunga yule akiwa mwezeshaji. Waandaaji walijibu kwa adabu. Wazo ni zuri na limepokelewa, ila kada yake hailingani na kiwango cha malipo ya uwezeshaji, na baada ya kupitia taarifa zake wamebaini kuwa hana cheti cha uchambuzi wa data.