Modemu Iliyompokelea Baba Simu

Mwaka 1999 Baba alikuwa na kazi juu Ngorongoro, nasi tukaishi Karatu mjini. Kila jioni alipiga simu nyumbani. Ghafla simu ya mezani ikawa inalia mara moja tu na kunyamaza kabla Mama hajafika sebuleni. Akinyanyua mkono wa simu anakuta mlio mkali unaokwaruza. Huko juu Baba alisikia huo huo.

Zilipopita jioni kadhaa aliamini tumepatwa na jambo. Ukungu ukiwa bado mzito ukingoni mwa kreta, akadandia gari, akapita geti la Lodoare, akatukuta tunakunywa chai.

"Sisi wazima, mume wangu," Mama akamwambia. "Kinachoumwa ni simu."

Kaka alikuwa ameleta modemu iliyotumika ofisini Arusha, akaiunga kwenye laini ya simu tupate barua pepe. Akafungua kijitabu cha modemu hiyo. Tangu Hayes Smartmodem ya 1981, modemu nyingi hutii amri zinazoanza na AT, na ndani yake mna rejista, kila moja ikishika namba moja. S0 hushika idadi ya milio ya kusubiri kabla modemu haijapokea yenyewe; ikiwa 0, haipokei kabisa. Akaandika ATS0? ikajibu 001. Akaandika ATS0=0. Baba akaenda dukani kwa jirani kupiga simu, na Mama akaipokea mwenyewe. Tulishangilia.

Usiku ule umeme ukakatika. Baba aliporudi kazini na kupiga, kelele zilikuwa pale pale.

"Umeme ulikatika, ikasahau," Mama akasema, na ndivyo ilivyokuwa. Badiliko hukaa kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uandike AT&W. Kaka akarudia amri, akahifadhi, akachomoa waya wa umeme na kuuchomeka, akauliza tena: 000.

Masika yalipoanza, laini ikajaa mikwaruzo na mawasiliano yakawa yanakatika. Hapo akaigeukia S10, muda ambao modemu huvumilia kupotea kwa mawimbi ya mwenzake. Ilikuwa 14, yaani sekunde 1.4, akaiweka 50, sekunde 5, akahifadhi.

Mama alitaka kila amri iandikwe kwenye daftari la matumizi ya nyumbani. Alisema kitu kinachopokea simu za nyumba yake hakiwezi kuwa siri ya kijana mmoja. Nakubaliana naye hata leo, tunapotumia ruta: mipangilio ijulikane na wote nyumbani. Ukibadilisha, hifadhi, kisha zima, washa, uhakikishe.