Mhadhara wa Kitaalamu Kuhusu Unyayo Mbele ya Maji

Wazee wangu wa Ibighi hapa Rungwe, akina mama, na nyinyi vijana wa bodaboda mlioegemea pikipiki badala ya kuandika.

Mbele yenu amesimama Mtaalamu Mkuu wa Viatu vya Majini, cheo nilichojitunuku mwenyewe baada ya kukosekana mpinzani. Nimekuja kuwaokoa. Mvua ya huku hupita milimita 2,000 kwa mwaka, mito imewazunguka, na bado mtu anatoka nyumbani bila kuniuliza avae nini!

Kule Kunduchi, Dar es Salaam, kuna bustani ya michezo ya maji. Mtu anavua viatu, anateleza kwenye bomba, anacheka, anakwenda kula chipsi. Mchezo huo siuungi mkono, unaninyima riziki. Rungwe mnateleza bila bomba. Daraja la Mungu, pale mto Kiwira, ni lava ya volkano iliyoganda ikawa daraja, na mwamba wa mtoni ukishaota uteute wa kijani haumjui mtalii wala diwani.

Wengi wenu mnaliabudu gambuti. Kwenye shamba la chai, sawa. Ila liingize mtoni linywe lita 3 kila mguu: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo umejifunga kilo 6 kwa hiari yako, tena jirani na Kijungu, ambako maji huzunguka kwenye shimo la mwamba kana kwamba kuna mtu anayasonga kwa mwiko.

Ndala huelea vizuri sana, tatizo lake huelea bila wewe. Kiwira huishia Ziwa Nyasa. Ukimkuta mtu kule ziwani Kyela amevaa ndala ya kushoto peke yake, msalimie kwa heshima, mna undugu.

Katambuga nimezifanyia tafakuri nzito. Tairi limetembea hadi likaisha meno, trafiki akalikataa barabarani, halafu wewe unalikabidhi roho yako kwenye njia ya Ziwa Ngosi, yenye mizizi, matope na mteremko wa kukata pumzi? Kule nataka raba ya kufunga kwa kamba, yenye meno chini, na soksi za akiba ndani ya mfuko wa nailoni.

Kwa Kaporogwe, ambako unaweza kuingia pangoni nyuma ya maporomoko, naidhinisha yeboyebo. Matundu yake hutoa maji kama yalivyoingia, na mkanda hushika kisigino. Nasema kisigino! Masharobaro wanaouning'iniza mbele kwa ajili ya picha, wajiandae kuzifuata zile ndala.

Naona mmegeuka kumtazama yule mama anayeshuka mteremko na mkungu wa ndizi kichwani, kwa kandambili za rangi mbili tofauti, mkono mmoja umeshika simu akiongea. Ndiyo, hajateleza. Huo si ushahidi, hajahudhuria mhadhara. Mama, samahani, pita pembeni kidogo, unaniharibia utafiti.

Kesho asubuhi ni mafunzo kwa vitendo, Ngosi. Kila mmoja aje na raba zake. Mimi nitahitaji vijana wawili wenye migongo imara wa kunibeba kwa zamu, kwani mokasini hizi haziruhusiwi kulowa.