Ndizi, Chungwa na Mkono wa Simu

Alama ya picha, yaani mchoro mdogo uliotwishwa kazi ya neno, husifiwa kwamba humfaa hata asiyejua kusoma, na sifa hiyo ni ya haki mradi isisahaulike kwamba picha nayo husomwa, tena kwa yale ambayo msomaji ameyabeba kutoka kwao. Kura ya maoni ya Kenya ya tarehe 21 Novemba 2005 ilitegemea wepesi huo: aliyeikubali rasimu ya katiba alipewa ndizi na aliyeikataa chungwa, matunda mawili ambayo mtu angeyadhani hayana ugomvi na yeyote, ingawa kila aliyewahi kukanyaga ganda la ndizi angeweza kutoa ushauri mapema. Chungwa lilishinda kwa takriban asilimia 58, likageuka jina la chama, na tangu hapo mchuuzi akiulizwa kama ana machungwa ana haki ya kusita kidogo kabla ya kujibu.

Kura ya tarehe 4 Agosti 2010 ilileta rangi badala ya matunda, kijani ikiwa ndiyo na nyekundu hapana, mpango unaoeleweka papo hapo na aliyelelewa na taa za barabarani. Gachoka, katika Mbeere ya Embu, ambako taa hizo hazijapata kumchelewesha mtu, mwalimu wa rangi ni embe: kijani humwambia mkulima asubiri, na wekundu unaochungulia shavuni mwa tunda humwambia achume. Katiba ilipita hata hivyo, kwa takriban asilimia 67, kwa kuwa mpiga kura, ashukuriwe, husikiliza redio pia.

Balaa iliyobaki imo mfukoni. Simu inapolia, kioo huonyesha mchoro wa kijani uliopinda, nao ni mkono wa simu ya mezani, chombo ambacho kijana wa leo huenda hajakishika maishani mwake. Kwake hiyo ni ndizi mbichi, na ile nyekundu iliyolala kifudifudi ni ya kukata. Cucu wake, yaani nyanya, aliyewahi kupiga foleni kwenye kibanda cha simu, anautambua mkono huo vizuri mno, hata hutaka kuuinua kwanza, akikwaruza kioo kwa kucha mpaka mpigaji akate tamaa. Mjukuu humsihi abonyeze ndizi ya kijani. Cucu, ambaye 2005 anaikumbuka, huuliza kwanza chungwa liko wapi.