Kuta Zilizoishia Njiani

Aliyejenga nyumba yetu hapa Tandale aliishiwa matofali au aliishiwa huruma, mojawapo. Vyumba sita, korido katikati, na kuta zote zimekomea kwenye linta. Dari hakuna, juu ni bati moja tunalochangia sote. Kodi nalipa ya chumba kimoja, hewa navuta ya vyumba sita.

Jirani wa chumba cha tatu ndiye jogoo wangu. Saa kumi na moja alfajiri yuko uani anawasha jiko la mkaa kwa mfuko wa plastiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo Juni 2019, lakini yeye ana akiba, nadhani ya urithi. Saa hizo upepo umelala na hewa ya chini ina ubaridi, basi moshi haupandi kwenda kokote. Unatambaa uani, unapita dirishani kwangu, unajilaza kitandani kama shemeji aliyesema anakuja siku mbili tu.

Mchana afadhali, kuna majira. Jiko lake liko kusini mwa dirisha langu. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, moshi unaelekea kwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, na wa kununa ni yeye. Kusi ikiingia, zamu yangu. Wenye majahazi huzingoja pepo hizi na matanga. Mimi nazingoja na leso.

Ukimweleza jirani, anashangaa kweli: "Moshi gani tena, kaka'angu?" Wala hasemi uongo. Pua ikikaa na harufu kidogo tu huizoea, ikaacha kuishtakia akili. Perege wake tunawasikia mtaa mzima, isipokuwa yeye. Jioni chumba cha kwanza wanafukiza udi, cha nne wanakaanga vitunguu, cha tano wamewasha dawa ya mbu, nami nalala njaa huku shuka langu linanukia pilau ya watu.

Sijasema mimi malaika. Juzi mwenye nyumba, anayekaa chumba cha mbele, alipiga hodi kuulizia kodi yake. Nikajikunyata mlangoni: "Shikamoo mzee. Mwezi huu, mzee wangu, hata chumvi sina."

Hakujibu. Aliinua pua taratibu kule juu kuta zilikoishia. Nilikuwa nimekaanga nusu kuku.

"Kitunguu saumu umekizidisha," akasema, akavuta kigoda.